Jasho la Ambrosi

Kijiji kizima hakuna mwanamke anayetunza siri kama mimi. Kaeni basi niwape ya Ambrosi na mkewe Tsiala.

Ilikuwa jioni tulivu ya majira ya baridi. Theluji imelala juu ya paa, na nyumbani kwa Ambrosi wanaume wamekaa mezani wakimngoja aseme neno. Ambrosi ndiye tamada wetu: kila sherehe yeye ndiye anayeongoza meza, na hakuna anayekunywa kabla yeye hajanena. Ana sheria yake moja. Ukisema uongo huku glasi yako iko juu, unashushiwa ile pembe ya beberu iliyotundikwa ukutani, inajazwa divai, unainywa yote umesimama.

Jioni hiyo alinyanyua glasi kuwakumbuka marehemu. Kabla hajafika hata kwenye jina la babu yake, uso ukamwiva kama nyanya. Akavua koti. Akavua sweta. Akachukua mkate, akaanza kujipepea nao.

"Mzee, mbona unatuvulia nguo?" akauliza jirani yake, Nugzar. "Marehemu hawajaomba hayo."

"Jiko limezidi moto," akasema Ambrosi.

Tsiala, aliyekuwa akileta kuku, akalitazama jiko. Lilikuwa limezimika kitambo. Akamtazama mumewe. Jasho lile alilijua vizuri. Lilimsumbua yeye miaka mitatu hedhi yake ilipokoma, na Ambrosi huyuhuyu alikuwa akimwita birika. Akamvuta jikoni.

"Baba Maguli, tangu lini umekuwa mwanamke mwenzangu?"

"Ni mafua tu."

"Mafua ya kujipepea kwa mkate? Na hizo safari zako za mjini kwa daktari wa meno, mbona pengo bado lipo palepale?"

"Kuku anapoa, mke wangu," akasema, akarudi mezani.

Tsiala hakubishana. Alimfuata, akajimiminia divai, akasimama. Wanaume wakageuka, maana kwetu mwanamke akisimama mezani, ama chumvi imekwisha ama kuna jambo.

"Nakunywa kwa afya ya mume wangu," akasema. "Tamada, nyanyua glasi yako. Haya, utuambie unaumwa nini."

Ambrosi akaitazama pembe ukutani. Kuinywa angeweza, tumbo lake tunalijua. Lakini sheria ilikuwa yake mwenyewe.

"Saratani," akasema polepole. "Ya tezi dume. Wamenichoma sindano ya kuidhoofisha, ndiyo inayonitoa jasho. Nyingine nilitakiwa nikachome mwezi uliopita. Sikwenda."

"Kwa nini?"

"Tamada anayejipepea kama mama mkwe, nani atamsikiliza?"

"Sisi tulidhani pombe imekushinda," akasema Nugzar. "Tulishaanza kutafuta tamada mwingine."

Tsiala akakaa. Kulipokucha alimfikisha hospitali mwenyewe, kamshika mkono kama mwizi. Daktari akamgombeza Ambrosi, kisha akasema bahati yake ugonjwa haujafika mifupani. Akachomwa sindano, baadaye akapigwa mionzi.

Siku hizi wanakaa barazani wawili na upepeo mmoja, wanapokezana. Akibanwa na mkojo katikati ya hotuba, Ambrosi anainuka, na meza inamngoja bila mtu kukohoa. Mambo ya chumbani sitasema, nimeshawaambia natunza siri. Ila Tsiala anacheka sana asubuhi.

FUNZO

Jamani wanaume wetu, mficha maradhi kilio humfichua. Sindano haipunguzi uanaume wa mtu, na jasho halijaua mume wa mtu hata mmoja. Kinachoua ni kukatiza dawa kwa kuogopa kuchekwa. Mwambie mkeo. Atacheka kidogo, maana naye ulimcheka, kisha atakusindikiza. Na wewe ambaye huna dalili, ukishavuka hamsini nenda ukamuulize daktari habari za kupima.

Ambrosi mwenyewe sasa anawauliza wanaume mezani, mmoja mmoja. Jumapili iliyopita ilikuwa zamu ya Nugzar, glasi iko juu.

"Nimeshapima, tena juzi tu," akasema Nugzar. "Daktari kaniambia nipanue mdomo, kamulika na taa mpaka kooni, akasema tezi dume yangu kama ya kijana."

Ambrosi akamtazama kwa huruma, kisha akainuka taratibu kwenda kuishusha pembe.