Chumvi ya Kukaanga

Jamani majirani, leo nasema, na atakayenuna anune.

Nyumba yetu ilikuwa na amani. Mume wangu, fundi saa, alifanya kazi yake mezani pale sebuleni, mimi nashona dirishani, redio inaimba, tunataniana. Siku moja akashika kisogo, kinamgonga. Zahanati wakampima: presha iko juu, tena juu sana. Muuguzi akampa dawa na kumwambia, "Baba, punguza chumvi."

Akarudi anacheka. "Ana maana chumvi mbichi. Ikikaangwa si inakufa?"

Dada yake mkubwa, wifi yangu, akashika kikaango mwenyewe. Akaikaanga chumvi mpaka ikageuka rangi, akajaza mkebe, akauweka mezani. Basi bwana akawa ananyunyiza kwa raha zake, eti maiti haidhuru! Na dawa akameza siku anazokumbuka.

Nilipouondoa ule mkebe, wifi akanijia juu. "Unamlisha kaka yangu kama mgonjwa! Unataka akonde watu watucheke?"

Nikanyamaza, mkebe ukarudi mezani. Hapo ndipo nilipokosea, na bado linaniuma.

Mwezi wa tatu tangu mkebe ule uingie kwetu, asubuhi, kibano kilimponyoka akifungua saa ya mteja. Akajaribu kukiokota, vidole vikagoma. Mdomo ukaenda upande. Nilipiga kelele mpaka mtaa mzima ukajaa mlangoni.

Hospitali wakasema ni kiharusi, presha imemzidi, ila waliokoa roho yake. Muuguzi wa wodi alipouliza kuhusu chumvi, nikamweleza yote. Hakucheka.

"Mama, moto hauui chumvi. Ndani yake kuna sodiamu, iwe mbichi au imekaangwa. Kila seli ya mwili ina kitu kama pampu: inatoa sodiamu nje, inaingiza potasiamu ndani. Chumvi ikizidi, na potasiamu ya matunda, maharage na mboga ikapungua, mizani inaharibika. Mwili unashika maji, mishipa inakaza, presha inapanda."

"Mbona sisi tumekulia hiyo hiyo?" wifi akadakia, amesimama kando ya kitanda.

Nikasimama. "Wifi, nakuheshimu sana. Lakini kikaango chako kwangu hakiingii tena. Unampenda kaka yako? Shika huo mkono, umnyooshe vidole."

Kitandani sauti ikatoka, nzito, ya kukokota: "Mwache mke wangu. Aliyenyunyiza ni mimi."

Wifi akalia. Kisha akaushika mkono.

Leo presha imeshuka. Dawa anameza kila siku, mboga tunakoleza kwa limau na kitunguu saumu. Lakini saa hatengenezi tena. Shati namfunga vifungo mimi.

Funzo

Chumvi ni chumvi, hata uikaange iungue, hata ijifiche kwenye vile vidonge vya dukani vya kukolezea mchuzi. Ipunguze. Kula matunda, maharage na mboga za majani, ila mwenye figo mbovu amuulize daktari kwanza, maana potasiamu nayo ikizidi humdhuru. Pima presha hata kama huumwi, na dawa usiikatize.

Nawe unayeona kosa mezani kwako ukaogopa mawifi: sema! Wanune, wasuse, wakuite mke mbaya. Mimi nilinyamaza miezi mitatu nipate sifa ya upole, na mume wangu akapoteza mkono.