Namba ya Chini ya Zulia

Kila Jumamosi hapa kwetu katika mji wa Leeuwarden mama hufua, mimi husafisha ngazi, na Sietse, mwanafunzi wa chuo aliyepanga chumba chetu cha darini, hufuta madirisha. Jumamosi hiyo nilikuwa bado na ndoo mkononi mama alipofungua barua ya idara ya maji. Alisoma, akaketi, akasoma tena.

"Yuro elfu moja mia nne na sitini," alisema kwa sauti ndogo. "Jildou, mwaka jana tulilipa mia mbili."

Nilipigwa na butwaa. Nilijua deni hilo limetoka wapi.

Kwetu kila nyumba hujisomea mita yake mara moja kwa mwaka na kutuma namba. Mita yetu imo shimoni, chini ya zulia la mlangoni, na shimo hilo lina buibui wakubwa. Mwezi uliopita mama alinipa kadi ya kujaza namba na tochi. Niliinua kifuniko, nikaona miguu minane, nikakirudisha haraka. Kisha nikajaza namba ya kichwani mwangu: 1520. Ilionekana nzuri tu.

Mama alimwita Sietse jikoni.

"Unaoga kwa muda gani, wewe?"

"Dakika tano, Bi Froukje. Natega hata saa ya jikoni."

"Usinifanye mtoto. Tulipokuwa wawili bili haikuwa hivi."

"Lakini maji hayo hata kiboko hayamalizi."

Mama hakucheka. "Mwisho wa mwezi utafute chumba kingine."

Sietse aliweka kitambaa chake mezani. Kabla ya kuja kwetu alilala sakafuni kwa rafiki yake wiki tatu, kwa kuwa vyumba mjini havipatikani. Hakubisha. Alisema tu, "Sawa," akaanza kupanda ngazi. Nilitua ndoo chini.

"Mama, mita sikuisoma," nilisema. "Namba niliitunga."

Mama alinitazama kama mtu asiyenijua. Alikunja zulia, akainua kifuniko, akanipa tochi. Niliinama, nikamulika. Buibui alikimbilia pembeni. Mita ilionyesha 538.

Mama alipiga simu idara ya maji, wakakubali kuirekebisha bili. Halafu alisimama chini ya ngazi akaita, "Sietse, nimekukosea. Nisamehe. Chumba ni chako."

"Na saa ya jikoni?" Sietse aliuliza kutoka juu.

"Hiyo endelea kuitega."

Kisha mama alinigeukia. "Kuogopa buibui si kosa, mwanangu. Ungeniambia, tungeinama wote wawili. Lakini ulinyamaza ukatunga uongo, na uongo wako ukamwangukia mtu asiye na hatia. Mwisho wa mwezi angekosa pa kulala kwa sababu ya buibui. Nenda ukamwombe radhi."

Nilipanda zile ngazi polepole, nikabisha hodi mlangoni kwa Sietse.