Maji ya Kuoga ya Nestory

Maji yalikuwa bado yanamwagika kwenye shawa, ya uvuguvugu, wakati Inspekta Generosa Masalu alipoingia bafuni. Nestory, mnunuzi wa dhahabu aliyejulikana Shinyanga nzima kwa mashati yake meupe na simu zake tatu, alikuwa amelala kifudifudi juu ya vigae, taulo kiunoni. Kiganja cha kulia kilikuwa kimeungua. Ilikuwa Jumamosi, saa mbili asubuhi, mtu anajiandaa kwenda kwenye shughuli zake, jamani, na sasa anapigwa picha na polisi.

"Umegusa nini?" Generosa alimuuliza Rosemary, mke mdogo wa marehemu, mwenye nyumba hii ya Kambarage.

"Nilimshika mguu, umeme ukanirusha. Nikakimbilia mainiswichi, nikazima. Niliporudi alikuwa hapumui."

Koplo Nkwabi alipanda kwenye kiti akafungua mfuniko wa hita ya maji iliyoning'inia ukutani. Hakukaa sana.

"Afande, waya wa ethi, ule wa usalama, umechomolewa. Na waya wa moto umeunganishwa na bodi ya tangi. Huo umeme ulikuwa unasubiri mtu ashike bomba tu."

"Nani alifungua hita hii mara ya mwisho?"

"Fundi Masudi," alijibu Rosemary. "Jumanne."

Kufikia saa nne Masudi alikuwa mahabusu. Kufikia saa sita bosi wa Generosa alikuwa ameshaamua: fundi kazembea, mtu kafa, jalada liende kwa mwendesha mashtaka Jumatatu asubuhi. Ndugu wa marehemu nao walikuwa wamejaa kituoni wakitaka damu ya fundi. Masudi alikuwa na mke na watoto wanne, na kosa la kuua bila kukusudia si la kulipa faini ukarudi nyumbani.

Generosa alimtoa mahabusu akamkalisha mezani.

"Jumanne ulifanya nini kwenye hita ile?"

"Ilikuwa inachelewa kuchemka, Afande. Maji ya huku yana chokaa. Nikamwaga tangi, nikakwangua, nikabadilisha elementi ya kuchemshia. Nikapima kwa mita. Ethi nilikaza kwa mkono wangu."

"Ushahidi?"

"Simu yangu mnayo. Kila nikimaliza huwa napiga picha kabla ya kufunga mfuniko. Wateja wa siku hizi wanabisha."

Picha ilikuwepo, ya Jumanne saa kumi alasiri. Waya wa kijani na njano ulikuwa umekaa mahali pake, skrubu imekazwa. Generosa akamwekea mezani picha ya pili, aliyopiga Nkwabi asubuhi ile.

Masudi aliitazama mpaka jasho likamtoka.

"Hii si kazi yangu. Tazama hapa kwenye kiungo. Mimi natumia tepu nyeusi ya umeme. Hiki kimefungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, umevutwa, umezungushwa, ncha ikachomekwa chini. Fundi wa mjini hafungi hivi."

"Nani anafunga hivi?"

"Watu wa machimboni. Kule duarani, shimoni, tepu ikilowa inabanduka, tyubu haibanduki. Hii ni mikono ya Nyarugusu, Afande, naapa kwa watoto wangu."

Jioni ile Generosa alirudi Kambarage. Rosemary alikuwa amekaa sakafuni na binti yake Noela mapajani, macho yamevimba.

"Umewahi kuishi machimboni?"

"Mimi? Nimezaliwa hapahapa mjini. Hata balbu nabadilishiwa."

"Tangu Jumanne nani kaingia humu?"

"Hakuna mgeni."

"Fikiri."

"Ni dada tu, Ijumaa. Mama Denis, bi mkubwa. Alileta viazi na maziwa. Nilikuwa natoka kumchukua Noela shuleni, akaniambia nenda mdogo wangu, nyumba naangalia mimi."

"Ulikawia?"

"Kama saa moja. Nilifurahi, Afande. Miaka mitatu hajawahi kukanyaga hapa."

Generosa aliandika: Mama Denis. Mume wake mwenyewe alikuwa Kahama na mwanamke mwingine, mwaka wa pili sasa, na yeye hajawahi kumpelekea yule mwanamke hata kiazi kimoja. Wivu anaujua. Unakukaa kooni, ukimeza haushuki, ukitema hautoki, na siku unapoanza kupeleka zawadi ujue kuna jambo.

Jumapili alfajiri alikuwa njiani kwenda Geita, kwenye machimbo ambako Nestory alianzia maisha. Nyarugusu alimkuta mzee Mageni, aliyechimba na Nestory enzi hawana hata shuka, amekaa kando ya karasha lililokuwa likisaga mawe kwa kelele.

"Mwangaluka, baba," alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Umekuja kwa ajili ya Nestory."

"Duara lenu lilikuwa na pampu ya umeme. Nani alikuwa anaitunza? Nestory?"

Mageni alicheka bila furaha. "Nestory alikuwa anaogopa umeme kama chatu. Pampu ilikuwa ya Salvina, Mama Denis, mkewe wa kwanza. Miaka tisa. Nyaya zikikatika anaunga yeye, gizani, maji magotini. Sisi tulikuwa tunamwita injinia."

"Anaunga na nini?"

"Na tyubu. Kwani kuna kingine?"

Msiba ulikuwa kwa Salvina, nje kidogo ya mji, upande wa Kolandoto, maana yeye ndiye wa ndoa ya kanisani. Generosa alifika alasiri. Wanawake walikuwa wamejaa mikekani, na nyuma ya nyumba chungu kikubwa cha maji kilikuwa mekoni. Aliomba kuongea na mfiwa chumbani, na askari wa kike akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Mama Denis."

"Marahaba, mwanangu."

"Hulazimiki kusema lolote, na utakalosema linaweza kutumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Ijumaa ulifungua hita ya maji kwa Rosemary?"

"Mimi nitajulia wapi hita? Kwangu hakuna. Nilishaahidiwa, ikaishia kwake."

Generosa akaweka juu ya kitanda utepe wa tyubu ndani ya mfuko wa vielelezo. Salvina aliutazama, na vidole vyake vikacheza.

"Mzee Mageni anakusalimia, injinia. Alama za vidole zilizo ndani ya mfuniko tutalinganisha kesho. Fundi Masudi yuko ndani kwa kazi hii. Ana watoto wanne."

Nje mtu alianza wimbo wa maombolezo, wengine wakaitikia.

"Kwa nini ulimuua mumeo, Mama Denis?"

"Mimi nimuue Nestory?" Sauti ilimpanda. "Niulize kingine. Niulize yeye alikuwa wapi."

"Nani?"

"Yule binti. Mume anaingia kuoga, mke yuko wapi?"

"Alikuwa amelala."

"Amelala." Salvina alilirudia neno hilo polepole. "Nani alifungua bomba?"

"Nestory mwenyewe. Ndivyo walivyozoea. Anaamka, anaingia, anafungua, anaoga."

Salvina alikaa chini, mgongo ukutani, mikono wazi mapajani. Kisha alizungumza mfululizo, na Generosa akaandika.

"Miaka ishirini na miwili nimemwandalia maji. Nachemsha, nabeba ndoo, nachanganya, naingiza mkono mpaka kwenye kiwiko nipime. Ndiyo namwita, baba Denis, maji tayari. Hajawahi kugusa maji kabla yangu, hata siku moja. Hata duarani, tulipokuwa hatuna kitu, alikuwa anasubiri nimwite. Siku hizi Jumapili ananikuta nimechemsha, ananiambia nimeshaoga kwa Rosemary. Ananukia sabuni ya kwake. Nikamwaga yale maji mara ngapi, mimi sijui. Nikasema huyu binti nimwondoe. Nilijua asubuhi ataingia yeye kwanza, kumpimia maji. Mke gani haingii kwanza?"

"Ulitaka afe Rosemary."

"Nilitaka nirudishiwe mume wangu, aje nimchemshie maji. Nimemuua kwa sababu yule hajui hata kumwandalia mtu maji ya kuoga."

Generosa alimsomea maelezo, Salvina akatia sahihi. Generosa aliona aibu, maana kwa dakika nzima alikuwa amemwelewa mama huyu kupita alivyotaka.

Walipotokea mlango wa nyuma, Salvina alisimama mbele ya kile chungu.

"Baba Denis hajaoshwa bado. Naomba maji yake niyachemshe mimi. Halafu nipeleke popote."

"Haiwezekani, Mama Denis."

"Basi na yule binti asiyachemshe. Hilo tu niahidi."

Generosa hakumwahidi. Alimfungulia mlango wa gari, kisha akampigia Nkwabi simu amtoe Masudi mahabusu.