Namba ya Pili

Karani wa kumbukumbu wa hospitali alikutwa amekufa saa moja asubuhi, chali kati ya rafu mbili za kadi za wagonjwa, koti lake la kazi limekunjwa vizuri chini ya kichwa.

Koti hilo ndilo lililomsumbua Inspekta Chujio. Damu ilikuwa mezani na kwenye ile mashine nzito ya chuma ya kutobolea karatasi. Maana yake marehemu alipigwa akiwa mezani, kisha mtu akamlaza, akamkunjia koti, akamfumba macho.

"Pigo moja tu," alisema daktari wa polisi. "Jana jioni, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili."

"Na aliyempiga ndiye aliyemlaza?"

"Hilo ni lako, afande. Kazi yangu mimi inaishia kwenye fuvu."

Jina la Chujio alibandikwa na wenzake chuoni, kwa kuwa hakuweza kumeza jambo kabla hajalichuja. Sasa alikuwa na miaka hamsini na mbili na magoti yanayonung'unika kila akichuchumaa, lakini jina lilikuwa halijazeeka.

Mkuu wa kituo yeye alishamaliza upelelezi bila kutoka ofisini. Mlinzi wa lango aligombana na marehemu jana asubuhi, watu wakasikia, na alama za vidole vyake zimejaa mlangoni. "Saa nane mchana anapelekwa mahakamani," alisema kwenye simu. "Usinizungushe."

Alama za vidole mlangoni! Mlango ambao mlinzi huyo huyo anaufunga kila siku ya Mungu. Chujio alikata simu, akamfuata mlinzi kwenye benchi alipokuwa ameketi na pingu mikononi.

"Mligombania nini?"

"Taa, mama. Wiki nzima anang'ang'ania humo ndani, mimi namsubiri nifunge. Jana asubuhi nikamwambia, wewe kadi hizo zitakuua, leo nakuachia ufunguo ufunge mwenyewe." Mlinzi akasikia alichokisema, akajipiga mdomo kwa mikono yake iliyofungwa. "Mama, nina watoto wanne. Nilikuwa natania tu."

"Jana saa ya kuona wagonjwa waliingia wangapi?"

"Ishirini na sita. Wote wamo kwenye daftari."

"Na majina haya ni ya kweli?"

"Majina sijui. Kuna mmoja kajiandika Sultani. Lakini namba za simu ni za kweli. Mtu akiandika namba naibipu hapo hapo. Isipoita mfukoni mwake, haingii."

Chujio alimtazama kwa heshima mpya. Alichukua daftari la wageni, akarudi ndani.

Mezani kwa karani kulikuwa na vitu viwili vya kumsaidia mtu: simu yake, na daftari dogo aliloliandika kwa mkono. Mke wa karani alikuwa ameshamwambia Koplo, msaidizi wa Chujio, kwamba mumewe hakula wala kulala vizuri kwa siku nane, na akiulizwa anasema, "Nasoma kadi." Daftari lilieleza ni kadi gani.

Mwaka uliopita hospitali ilihamishia kadi zote kwenye kompyuta, na kazi alipewa yeye. Kilichomsumbua ni simu za ndugu wa wagonjwa. Wauguzi walikuwa wakiziandika kwenye mstari wa maelezo, katikati ya maneno mengine, kila mmoja kwa mtindo wake. Huyu anaanza na sifuri, yule na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, mwingine anatia vistari, mwingine anaacha nafasi. Karani akaitungia kompyuta kanuni: soma mstari, chukua namba ya kwanza utakayoikuta, isafishe, iweke katika umbo moja, maneno mengine tupa. Kadi elfu arobaini zikaisha kwa siku nne, na kila kadi mpya ikafuata kanuni ile ile. Karani akapewa cheti, nacho kilikuwa bado kinaning'inia ukutani, juu ya damu.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari alikuwa ameandika maneno mawili tu: Nilitupa maneno.

Baada ya hapo ilifuata mistari ishirini na mitatu, kila mmoja ameunakili mzima kutoka kwenye kadi. *Namba ya shemeji hii, kahama, usipige. Piga hii ya jirani.* Au: *Hii ya kwanza ni ya fundi viatu, hamjui mgonjwa. Mama yake ni hii.* Hao ishirini na watatu walikuwa wagonjwa waliofia wodini bila ndugu kupatikana, wakazikwa na manispaa, kwa sababu hospitali ilipiga namba ya kwanza na namba sahihi ilikuwa ya pili. Mistari kumi na mmoja ilikuwa na alama ya vema pembeni.

"Alikuwa akiwapigia," Chujio alisema polepole. "Mmoja mmoja."

"Simu yake inaonyesha namba kumi na moja alizopiga wiki hii," alisema Koplo. "Nimelinganisha na daftari la wageni. Hakuna hata moja, afande."

"Umelinganisha vipi?"

"Kwa macho."

"Ndiyo maana. Chukua karatasi. Kila namba, toa nafasi, toa vistari. Toa alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi. Toa sifuri ya mbele. Zibaki tarakimu tisa. Ishirini na sita za mlangoni, kumi na moja za simu, na namba zote za humu daftarini."

Koplo aliandika ulimi nje kama mwanafunzi. Ilipotimu saa nne aliacha kuandika, akarudia kusoma, akasukuma karatasi.

Namba moja ilikuwa pote. Kwenye simu ya karani ilianza na msimbo wa nchi. Kwenye daftari la wageni haikuwa na sifuri, na mwenyewe aliikata tatu tatu kwa mikwaju, kama fundi anavyoandika vipimo. Na kwenye mistari ya karani ilikuwa namba ya pili: *Hii ni simu ya mgonjwa mwenyewe, imeibiwa, usipige. Baba yake ni hii. Mgonjwa anasema baba anapatikana usiku na mchana.*

Chujio alisoma mstari huo mara mbili, akavua miwani.

Kampuni ya simu ilitoa mtaa baada ya nusu saa. Ilikuwa karakana ya useremala nyuma ya duka la rangi. Fundi, mtu wa makamo mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, alikuwa akipiga randa mlango. Juu ya rafu simu yake ilikuwa kwenye chaji.

"Hodi, fundi."

"Karibuni. Nilijua mtakuja. Nilitaka tu nimalize mlango wa watu."

Koplo alipeleka mkono kwenye pingu. Chujio alimzuia kwa jicho.

"Jana ulikwenda hospitali."

"Nilikwenda. Aliniita." Fundi alifuta vumbi kwenye benchi kwa kiganja. "Kaa, mama, usichafuke."

Inspekta akakaa. Fundi akatoa kadi ya hospitali kwenye mfuko wa shati, mfuko wa upande wa moyo, akaishika bila kumpa.

"Binti yangu alianguka njiani. Wasamaria wakampeleka pale bila simu, bila kitambulisho. Wakamwandika jina la utani, lile walilozoea kumwita wenzake. Siku tatu alikuwa anaongea, mama. Siku tatu! Namba yangu aliijua kwa kichwa tangu ana miaka sita. Nilimfundisha hapa hapa, tukipigilia misumari, msumari mmoja tarakimu moja. Akaitaja yote. Muuguzi akaiandika. Wao wakapiga simu ya mwizi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapa. Simu pale kwenye chaji. Kutoka hapa hadi kitandani kwake ni dakika arobaini kwa mguu."

Randa ilimtoka mkononi. Hakuiokota.

"Siku ya nne akafa. Wakamzika kwenye kaburi lenye namba."

"Karani alikueleza yote hayo?"

"Yote. Alilia kuliko mimi. Akanipa kadi hii, akanionyesha mwandiko. Halafu akasema, 'Kanuni yangu ilichukua ya kwanza, mzee.' Akarudia, kanuni. Mara ya tatu sikumsikia akimaliza. Mkono ulishanyanyuka." Fundi alitazama mkono wenyewe. "Alipoanguka nilimwita. Nikamlaza, nikamkunjia koti. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mwaka mzima, katika watu wote, ni yeye peke yake aliyenipigia."

Koplo, ambaye alikuwa bado kijana na hakujua kuacha swali lipite, akauliza, "Lakini hukumtafuta?"

Fundi alimgeukia Chujio.

"Nilikuja kituoni kwenu. Wewe ndiye uliyeniandikia, mama. Hunikumbuki. Ulikuwa na haraka, ila hukunifokea."

Saa saba mlinzi wa lango aliachiwa. Alimshika Inspekta mikono yote miwili, akamwombea heri kwa watoto wake wanne. Chujio alishindwa kumwangalia usoni.

Alijifungia ofisini, akafungua kitabu cha matukio cha miezi kumi na moja nyuma. Akaukuta mwandiko wake mwenyewe. Binti, miaka kumi na tisa, hajarudi nyumbani siku mbili. Jina kamili, kimo, nguo. Namba ya simu ya binti, bila sifuri, kwa mkato.

Kisha akavuta jalada la barua za hospitali. Taarifa ilikuja wiki moja baadaye: maiti ya msichana ambaye hakuna ndugu aliyejitokeza kumchukua, anajulikana kwa jina la utani, namba aliyoandikiwa haipokelewi. Namba ilikuwa na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi. Alitoa alama, akatoa msimbo. Zilibaki tarakimu tisa zile zile. Siku hiyo binti alikuwa bado mochwari, na baba yake angeweza kumzika mwenyewe.

Sahihi ya kupokea ilikuwa yake. Alikumbuka hata jinsi alivyolinganisha siku ile. Alilinganisha kwa macho.

Chujio alilia, kwa sauti, mkono mdomoni. Kisha akanawa uso, akaandika yote kwenye jalada la kesi: maungamo ya fundi, kanuni ya karani, na chini yake, bila kujisetiri, haraka yake mwenyewe.

Alipomaliza alilifungua lile daftari dogo kwenye mstari wa kumi na mbili, usio na alama ya vema. Akapiga namba ya pili. Iliita mara moja tu, kana kwamba mtu alikuwa ameishika mkononi.

"Haloo? Nani mwenzangu?" Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima.

"Shikamoo, mama. Napiga kutoka polisi. Nimechelewa sana kukupigia. Tafadhali, mama, kaa kwanza."