Fundo la Dada

Tawi la juu lilivunjika kwa dhoruba, likaondoka na kamba kubwa ya Kipanga ya kushukia. Alibaki ameshikiliwa na kamba fupi ya kiunoni iliyouzunguka mti, na miiba ya chuma ya viatu vyake ikiwa imeuma gome lililolowa.

"Mjomba!"

Mjomba alikuwa amevuka kijito kupeleka garini gunia la mbegu walizochuma mitini, na sasa kijito kilinguruma kama lori.

Asubuhi Mjomba alikuwa amemwonya. Kamba za kiunoni zilikuwa mbili. Moja hurefushwa kwa kibano cha chuma, unabonyeza tu. Nyingine kwa fundo, unalisukuma kwa mkono.

"Chukua ya chuma, Kipanga," alisema Mjomba. "Fundo likilowa hununa kuliko mama mkwe."

Akachukua ya fundo. Ilikuwa ya dada yake aliyeolewa mbali, mwenzake wa kupanda miti miaka yote, na bado ilinukia mafuta yake ya nywele.

Chini shina lilikuwa nene zaidi. Bila kurefusha kamba, hashuki. Alisukuma fundo, halikusogea. Alilivuta kwa meno, akatema damu. Juu yake tawi jingine lilianza kulia.

Ndipo akakumbuka dada alivyokuwa akimcheka: "Unalikalia, we! Liondolee uzito wako kwanza, ndipo ulivunje mgongo."

Kuondoa uzito maana yake ni kuacha kuegemea kamba na kubaki na miguu tu. Akajivuta, akaukumbatia mti kwa mkono mmoja, shavu kwenye gome. Hakuwa amekumbatia kitu tangu dada aondoke. Kwa dole gumba akakunja mgongo wa fundo, huku na huku. Likalegea.

Hatua mbili, kumbatia, legeza. Hatua mbili tena. Tawi lilianguka, likapita begani mwake, likaondoka na kipande cha shati.

Alipokanyaga matope alipaza sauti, kama walivyozoea yeye na dada: "Chini!"

Aliyekuwa akimjibu 'Nimekupokea!' hayupo. Mjomba huo mchezo aliuita utoto, hakuwahi kuujibu. Akaketi kwenye mizizi, akasikiliza mvua ikipungua, fundo mkononi.

Kisha ng'ambo ya maji sauti nzito, imekauka kwa kuita, ikapasuka:

"Nimekupokea! Kipanga, mwanangu, nimekupokea!"