Miguu Miwili Katika Dirisha la Choo

Saa nne ya asubuhi, jua limeshachanua, nami nimesimama nyuma ya nyumba yangu mwenyewe, natazama miguu ya mwanamume ikining'inia kwenye dirisha la choo changu!

Kiwiliwili kilikuwa kimeshaingia ndani. Miguu ilikuwa bado inapapasa ukuta.

Na kutoka ndani nikaisikia sauti ya mke wangu, niliyeishi naye miaka thelathini na tisa...

"Polepole, usijikwaruze! Nimekushika mkono!"

Enyi mnaonisoma, dunia ilinizunguka kama pia.

Nirudi nyuma kidogo, mjue nilivyofika kwenye ukuta ule.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Qur'ani. Natoka asubuhi, narudi adhuhuri. Nyumbani tumebaki wawili, mimi na mke wangu, tangu mwanetu wa pekee alipoondoka... na hilo nitalisema mahali pake.

Kwa miezi miwili choo chetu kilikataa kunyamaza. Tangi linajaa, kisha... shiiii! Maji yanateremka bakulini mchana kutwa. Nikisoma, nayasikia. Nikisujudu, nayasikia. Mimi niliyefundisha umri wangu wote kwamba israfu ya maji ni kosa hata ukiwa kando ya mto, nyumba yangu inamwaga maji kama haina mwenyewe!

Sikutulia. Nilizunguka ukumbini kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mke wangu, choo kinalia tena."

"Nimesikia. Nitamwita fundi."

"Si alikuja juzi?"

"Atakuja tena. Kikohozi chako wewe kilipona kwa dawa moja?"

Fundi huyo sikuwahi kumtia machoni. Huja niko chuoni, hutengeneza, choo hunyamaza siku mbili. Ya tatu... shiiii!

Kisha nikaanza kuona mengine. Siku ya fundi, mke wangu huvaa nguo ya kutokea. Huimba jikoni. Na chungu huinjikwa cha watu watatu.

Asubuhi ile jirani yetu, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, ndiye aliyenimaliza.

"Maalim, choo chako kina ugonjwa gani? Kila Jumanne daktari!"

"Ni kikuukuu tu."

"Haya. Lakini daktari huyo mbona hapigi hodi mlangoni? Hupitia uchochoro wa nyuma."

Nilifika chuoni, nikafungua kitabu, herufi zikanicheza machoni. Nikamwachia darasa mwalimu mwenzangu, nikageuza njia.

Ndipo nilipoiona miguu.

Fimbo ilikuwa mkononi. Nikaipandisha... paa! Kwenye shavu la mguu wa kulia.

"Yarabi! Nakufa mimi!"

Akaporomoka ndani, ndoo ikapinduka kwa kishindo. Nikazunguka mbio hadi mlangoni, na neno la talaka limeshafika kwenye ncha ya ulimi wangu. Ilibaki pumzi moja tu litoke!

Nikausukuma mlango wa choo.

Chini, kati ya sabuni na spana, ameketi mwanangu. Anausugua mguu.

Neno la talaka nikalimeza.

Miezi minane kabla, kijana huyu niliyemwandaa arithi kiti changu cha kufundishia alinijia akaniambia kazi aipendayo ni ya mabomba. Nikapaza sauti mbele ya watu: "Mwana wa mwalimu azibue vyoo? Wallahi, hutakanyaga kizingiti cha nyumba hii!"

"Unafanya nini humu?" nikamuuliza.

"Natengeneza choo, baba."

"Kupitia dirishani, kama mwizi?"

Akainamisha kichwa. "Uliapa juu ya kizingiti, baba. Sikutaka kiapo chako kivunjike kwa mguu wangu. Dirisha hukulitaja."

Jamani... Nimemchapa fimbo mtu aliyekuwa akikilinda kiapo changu!

Mke wangu akasimama kati yetu, ameegemea ukuta kwa ajili ya magoti yake mabovu.

"Anaishi ng'ambo ya mji, na magoti yangu hayafiki. Nilimsihi aje anione, akakataa. Akasema, 'Kuja bure ni kumkaidi baba. Lakini kikiharibika kitu, nitakuja kwa kazi.' Basi..."

"Basi nini?"

Akafunua kiganja. Kijiwe, kidogo kama punje ya mahindi.

"Basi kikaharibika. Nikikiweka hiki chini ya kile kipira cha tangi, maji hayakomi. Siku ya kuja fundi, nakitoa."

Kabla sijafumbua mdomo, mwanangu akaruka juu.

"Mama! Kumbe ni wewe?! Miezi miwili silali! Kila nikifika naona kipira kizima, nabadilisha, kinaharibika! Nimeshaanza kusema baba alikuwa na haki, mimi si fundi wa chochote!"

"Nisamehe, mwanangu. Wewe ni fundi hodari. Mchawi wako ni mimi."

Nilitaka kucheka, machozi yakanitangulia. Hata hivyo nikajikaza.

"Na maji yote yale, mke wangu? Israfu!"

"Kila tone naliombea msamaha. Lakini wewe, Maalim! Kila mwaka unawafundisha watoto wa watu: aliyeapa, kisha akaona lenye heri kuliko alichoapia, na atende lenye heri, atoe kafara. Alishe masikini kumi. Kumi tu! Watoto wa miaka tisa wanaijua hukumu hiyo. Wewe nani alikusahaulisha?"

Miezi minane kiapo kile nilikiita ucha Mungu. Kumbe kilikuwa kiburi kilichovaa kanzu.

Mwanangu alikuwa ameshakusanya spana zake. Akaweka mguu kwenye ukingo wa bakuli, apande atoke alivyoingia.

"Shuka," nikasema.

"Baba, kiapo..."

"Kiapo nilikula mimi, na kafara nitaitoa mimi. Toka kwa mlango, kisha uingie tena, nikuone."

Akatoka akichechemea. Akasimama nje, anakitazama kizingiti kama mtu anayepima kina cha maji.

"Hodi," akasema.

"Karibu, fundi."

Akatanguliza mguu wa kulia, ule ule niliouchapa. Mama yake akaketi sakafuni, akalia kwa sauti.

Ijumaa yake tuliwalisha masikini. Walikuja kumi na watatu, na hatukumrudisha mtu.

Ndugu zangu, ulimi wangu ulininyang'anya mwana, na siku ile nusura uninyang'anye na mke kwa kosa ambalo halikuwapo. Kama yuko mtu uliyemfungia mlango kwa neno la hasira, mwite leo. Usiseme, "Niliapa." Kafara ya kiapo hulipwa kwa sahani kumi ikaisha.

Miezi minane ya mwanangu, hata ningelisha mji mzima, isingerudi.