Kiatu Ukingoni mwa Picha

Mwisho wa juma duka la vioo hujaa utafikiri mji mzima umevunjiwa madirisha. Watu walikuwa wamebanana mbele ya kaunta, kila mmoja akitaja vipimo vyake kwa sauti, na mkata vioo, penseli sikioni, akiwajibu wote jibu moja: "Wewe ndiye unayefuata." Katika kusukumana huko mwanamke mmoja alirudi nyuma, na kisigino chake kikatua juu ya mguu wa mwanamume aliyesimama nyuma yake.

"Samahani, kaka. Sikuuona mguu wako."

"Hata mimi tangu niingie humu sijauona," alijibu mwanamume. "Ahsante kwa kunionyesha uliko."

Mwanamke alicheka, akageuka. Alivaa gauni la njano iliyoiva na hereni pana, na nywele zake zilisukwa mistari myembamba iliyotoka kwenye paji la uso ikaenda kukutana kisogoni bila hata mmoja kupinda. Mwanamume aliitazama ile mistari kupita kiasi cha adabu. Alikuwa fundi wa fremu za picha. Mtaani walimwita Kona, kwa sababu hakuweza kuingia sebuleni kwa mtu bila kwanza kukagua kona za fremu zilizotundikwa ukutani, salamu baadaye. Kwa mtu wa namna hiyo, mistari iliyokutana vizuri si jambo dogo.

Waliondoka kila mtu na mzigo wake uliofungwa kwa gazeti, namba ya simu ya mwenyewe imeandikwa juu. Kona hajavua hata viatu, simu ikaita.

"Halo. Hapo ni kwa nani?"

"Kwa fundi wa fremu. Naongea na nani?"

"Aliyekukanyaga. Naona umelipiza kisasi. Mimi nina saluni, nimetundika kioo kipya, na mteja amekaa mbele yake anatazama ukuta."

Kona aliufungua mzigo wake. Badala ya kioo cha fremu alikuta cha kujitazamia, na humo ndani sura yake mwenyewe, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi.

"Mimi nimefungua changu nimekutana na mtu wa kutisha," alisema.

"Basi nirudishie upesi, kaka, kabla hakijapasuka."

Alikirudisha siku hiyo hiyo. Kesho yake akapita kuuliza kama kioo kimekaa sawa. Keshokutwa akapita kuuliza hivyo hivyo, mpaka wasichana wa saluni wakawa wakimwona tu wanasema, "Mkaguzi wa vioo amefika." Ndivyo yalivyoanza mapenzi ya Kona na Msusi, kama mtaa ulivyomwita yule mwenye saluni. Jioni Kona alimsubiri nje ya saluni, ameoga, shati limepigwa pasi, na harufu ya vanishi inamtangulia vilevile. Msusi alisema harufu hiyo ameshaizoea, na siku asipoisikia hata kichana kinamponyoka.

"Ila kitu kimoja, mpenzi wangu," alimwambia jioni moja wakitembea mkono kwa mkono. "Nyinyi mafundi nawajua. Fundi wangu wa nguo anakaa na gauni langu tangu nikiwa mwembamba."

"Ukimuuliza anasemaje?"

"Kesho."

"Mimi sina kesho kwa mtu ninayempenda."

"Haya. Masikio yangu ni mashahidi."

Msusi aliishi na mama yake mzazi. Baba alikwisha fariki. Mama huyo alikuwa wa kitandani. Hospitali ilikuwa imewarudisha nyumbani kwa maneno ya upole, na mwenye kuelewa alielewa. Ukutani mbele ya kitanda ilitundikwa picha ya harusi yake, yeye na marehemu mumewe wamesimama mlangoni, na mama alikuwa akiamka nayo na kulala nayo. Siku fremu iliyoliwa na wadudu ilipoachia na kuanguka, Msusi aliifunga picha kwenye taulo, akaipeleka karakana kwa Kona.

"Usinicheleweshee hii, laazizi. Mama hana nyingine."

"Keshokutwa iko ukutani."

Na alikuwa na nia ya kweli. Fremu ya kawaida, mbao nne na misumari, ni kazi ya asubuhi moja. Lakini Kona alikuwa na lake moyoni. Alitaka kuipeleka mwenyewe, aitundike, kisha akae kando ya kile kitanda amwombe mama mwanawe. Mtu haendi kuomba mke na kitu cha misumari mkononi. Aliamua kufanya kona zile alizojulikana nazo: mbao nyeupe zinazokatwa mshazari na kuunganishwa kwa gundi, na gundi ikishakauka, kila kona inapigwa mikato ya msumeno, na kila mkato unajazwa kipande chembamba cha mti mweusi. Vile vipande huishika kona isiachie maisha yote, na ukisharanda na kupiga msasa, vinabaki kama mistari iliyochorwa kwa wino.

Alipoing'oa picha kwenye fremu ya zamani aliona jambo jingine. Ukingo wa fremu siku zote hufunika pembeni mwa picha kidogo. Ule wa zamani ulifunika mno. Chini yake mlikuwa na mkono wa bwana harusi uliokuwa haujulikani ulipo, na mkononi ameficha kiatu kimoja cha bibi harusi. Kona akaiinamia picha. Kumbe bibi harusi, anayetabasamu kwa heshima zote, alikuwa amesimama mguu mmoja peku. Kona alicheka peke yake mle karakana. Msusi amekua na picha hii mbele ya macho na hakijui kiatu hicho. Akaona asimwambie. Akione mwenyewe kando ya mama yake, wacheke wote watatu, na hapo katikati ya kicheko yeye aseme neno lake.

Fremu ya kwanza aliipima kwa mazoea, kwa kufuata ile ya zamani. Alipoingiza picha, ukingo ukakifunika kiatu tena. Akaiweka kando, akaanza nyingine pana zaidi. Ya pili mbao zake hazikuwa zimekauka sawasawa. Kona mbili zikafumba, mbili zikaacha uwazi wa kupita unywele. Fundi mwingine angepaka gundi na vumbi la mbao, nani angejua? Kona aliivunja.

"Laazizi, vipi picha?" Msusi alipiga simu.

"Kesho, kipenzi."

"Ulisema huna kesho."

"Nina moja tu. Nikopeshe hiyo."

Akamkopesha. Kesho ikazaa kesho nyingine. Siku moja simu ilichukuliwa na mama mwenyewe, sauti nyembamba, pumzi ikikatikakatika.

"Mwanangu, mimi sitaki mapambo. Nataka kumwona mzee wangu tu."

"Utamwona, mama, tena vizuri kuliko zamani. Nivumilie kidogo."

Kona alidhani mama anasema vile kwa uungwana. Juu ya mlango wa karakana alikuwa amechonga maneno haya: haraka haraka haina baraka. Methali hiyo ina ndugu yake, ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini huyo hakupata mlango wa kuchongwa.

Fremu ya tatu ilikubali. Kona zote nne zilifumba kama midomo. Asubuhi Msusi alipiga, naye akasema kesho, akasikia simu inakatwa bila kuaga. Mchana alikuwa akiingiza vipande vyeusi kwenye kona ya mwisho, gundi mpaka kwenye vifundo vya mikono, simu ilipoanza kuita juu ya benchi la kazi. Jina la Msusi. Akaitazama. Nikipokea nitamwambia nini, kesho tena? Heri nimfikie na fremu yenyewe. Ikaita hadi ikanyamaza. Baadaye kidogo ikaita tena, na Kona akageukia upande wa pili akaendelea kufuta gundi iliyochuruzika.

Asubuhi iliyofuata alipiga yeye, furaha imemjaa kooni.

"Laazizi, imekwisha. Nipo njiani, mwambie mama ajipambe, mzee wake anakuja."

"Mama hayupo."

"Amerudishwa hospitali?"

Nyuma ya Msusi, Kona alisikia watu wengi wakizungumza kwa sauti ya chini.

"Ametutoka jana jioni," alisema. "Ilete tu. Watu wanaiuliza picha yake."

Fremu iliwekwa juu ya meza sebuleni, na kila aliyeingia kutoa pole aliisimamia. Kona alikuwa nje na wanaume, akipanga viti ambavyo vilikwisha pangwa. Dirisha lilikuwa wazi.

"Fremu hii imetulia," alisema mama mdogo wa Msusi, akifuta machozi. "Dada angeipenda."

"Ungedhani mti umeota hivyohivyo," mjomba wake akasema. "Fundi ni nani, jamani? Nami nina picha zangu."

Msusi alikuwa ameketi mkekani, kanga nyeusi mabegani, anautazama ukingo wa picha. Hakuwa akizitazama kona. Kona alitamani fremu ile iwe na misumari iliyopinda, watu waicheke, iwe imefika wiki mbili kabla. Akakaa kwenye kiti kimoja kati ya vile alivyokuwa akivipanga.

Watu walipokwisha tawanyika na nyumba kurudia ukimya wake, Msusi alikuja karakana mchana mmoja. Gauni jeusi, nywele zimefumuliwa zote, kitambaa kichwani. Kona alimpangusia stuli. Hakukaa.

"Kile kiatu," alisema. "Ulikijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Fremu ya zamani ilikifunika. Nilitaka mkione pamoja, wewe na mama, mcheke, ndipo niseme langu."

"Lako lipi?"

"La kukuoa."

Msusi alishika ukingo wa benchi.

"Siku ile ya mwisho, mchana, mama alichangamka," alisema. "Unajua wagonjwa wanavyochangamka. Akaniuliza, baba yako pale kwenye picha ameshika nini? Nikamwambia hajashika kitu, mama. Akasema ameshika, kaangalie vizuri. Nikamwambia picha haipo, iko kwa fundi. Akasema, basi muulize fundi. Akawa anacheka mwenyewe pale kitandani. Sijamwona akicheka hivyo tangu baba afariki. Nikakupigia."

Kona aliinamisha kichwa.

"Nikapiga tena. Yeye ananitazama tu, kama mtoto aliyetega kitendawili. Nikamwambia fundi hapokei. Akasema haidhuru, tutamuuliza kesho."

"Nilidhani unaulizia fremu," Kona alisema. "Nilikuwa na gundi mikononi." Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Gundi inafutika. Niliona aibu kukwambia kesho tena."

"Najua."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Nimekuja kukwambia hilo, usikae unajiuliza." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Mama angekukubali, ungempelekea hata picha iliyofungwa kwa kamba. Na mimi nilikukubali zamani, hata hujafikiria kuuliza. Lakini nikikutazama namwona yeye ananitazama nikiwa na simu sikioni. Sasa hivi, kwa mfano, namwona. Nitaolewaje na hilo?"

"Nitasubiri."

"Usinipigie, mpenzi. Mimi nikiweza, nitapiga."

Lile neno mpenzi ndilo lililomvunja. Msusi alitoka, akavuka barabara bila kugeuka, na Kona akabaki mlangoni mpaka mteja akamwomba apishe.

Siku hizi Kona hupokea simu kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Ikimkuta na gundi hupokea na gundi, na simu yake imejaa madoa makavu ambayo hayatoki tena. Wateja waliozoea kumtafuta bila kumpata hushtuka, kisha hutania kwamba fundi siku hizi kaokoka. Naye huwasikiliza vipimo vyao mpaka mwisho. Kabla hawajakata huwauliza kama wamempata kwa urahisi, kama simu yake haikusumbua kuita, maana labda mtandao wa upande huu ni mbaya, na kuna mtu anapiga hampati. Wote humwambia mtandao ni mzuri.